Kuifuata Treni kwa Sikio: Maneno ya Reli katika Nchi ya Singida

Mfasiri anayepewa leo makala juu ya wapenzi wa treni wa Marekani au wa Uingereza hukwama mapema. Atasoma habari za watu wanaokaa nyumbani na redio ndogo na kompyuta, wakijua saa hata saa treni fulani imefika wapi, ingawa hawaioni wala hawana kazi yoyote katika shirika la reli. Kwa chombo chao cha kusikilizia ataandika "skana"; msomaji ataona mbele yake mashine ya ofisini ya kunakili karatasi, au ile ya hospitalini inayopiga picha ya ubongo. Kwa mtu anayeongoza treni kutoka mbali ataandika "msimamizi", na maana itapotea. Tumeona ni vema kuzipitia istilahi za jambo hili kwa kufuata historia yake hapa nchini, na hasa katika Mkoa wa Singida, ambamo Reli ya Kati hupanda ukuta wa Bonde la Ufa na kuingia katika vichaka vya Itigi.

Haja ya kujua alipo msafiri asiyeonekana ni ya zamani kuliko reli yenyewe. Nchi iliyo baina ya Ugogo na Unyanyembe, ambayo kwa sehemu kubwa ndiyo Manyoni na Itigi ya leo, wapagazi wa karne ya 19 waliiita Mgunda Mkali kwa ajili ya uhaba wa maji na urefu wa pori. Msafara uliongozwa na kirangozi, na pembe ya barghumu ilipigwa kuwaita watu. Mahali walipotua mizigo paliitwa kituo. Neno hilo twalitumia kila siku bila kukumbuka kwamba ndani yake mna mzigo unaoshushwa kutoka kichwani. Lilikuwa tayari njiani kabla ya chuma cha kwanza kulazwa, na reli ilipokuja lilikubali kazi mpya bila kuvua ile ya zamani. Ndiyo sababu twaona si haki kulifuta kwa ajili ya "stesheni", wala kuifuta "stesheni" kwa ajili yake. Wasafiri wa Reli ya Kati husema stesheni. Kituo hubeba maana pana zaidi, tangu basi hadi polisi.

Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro 1907, Dodoma 1910, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Kwa hiyo Saranda, Manyoni na Itigi ziliipata reli baina ya 1910 na 1912. Jambo la kustaajabisha ni kwamba maneno mengi ya chombo hiki cha bara yalitoka baharini. Taruma, ambalo ni ubao wa kuimarishia chombo cha baharini, likawa jina la gogo linalolazwa chini ya reli. Shehena na nauli zilishuka kutoka jahazini na kupanda treni pasipo kubadili nguo. Behewa lilikuwa ua wa ndani wa nyumba ya mwambao; leo ni chumba kinachokwenda. Gari ni la Kihindi, moshi ni wetu. Kiingereza kikaleta reli, stesheni, gadi na tokeni. Kijerumani, kilichojenga njia yenyewe, hakikuacha humu karibu neno lolote, ingawa kilituachia shule.

Sasa tuje kwenye kiini. Reli ya Kati ni ya njia moja, na treni mbili zinazokabiliana haziwezi kupishana ila mahali palipo na njia ya pembeni. Hivyo treni haina ruhusa ya kuondoka stesheni mpaka stesheni ya mbele ikubali kuipokea. Katika reli za njia moja za zama hizo makubaliano yalifanywa kwa kengele na kwa waya, na katika utaratibu wa tokeni mashine za stesheni mbili ziliunganishwa kwa umeme, kwa namna ambayo ikitolewa tokeni moja nyingine haiwezi kutoka. Dereva aliyeishika mkononi alikuwa ameishika njia yote hadi stesheni ya pili. Waya wenyewe uliitwa simu, neno la Kiajemi lenye maana ya uzi wa madini, ambalo lilihusu kwanza habari zilizopelekwa kwa waya na baadaye sauti. Leo simu haina waya, na hakuna anayeona ajabu.

Yeyote aliyekaa karibu na stesheni aliweza kuifuata treni kwa sikio. Lakini hapa yatupasa kutofautisha. Yule wa Marekani huifuata treni kwa mapenzi. Mchuuzi wa Singida huifuata kwa riziki. Mwenye kuku, asali au karanga za kuuza dirishani hana nafasi ya kukosea, maana treni husimama kwa dakika chache na kuondoka na wateja wote. Kengele, mluzi, mwendo wa mtu wa stesheni kuelekea kwenye ishara, vyote vilikuwa habari. Siku hizi jamaa aliye stesheni ya nyuma hupiga simu ya mkononi, na kazi imekwisha. Kwa sababu hiyo twashauri istilahi "mfuatilia treni" itumike kwa jumla, na "mpenzi wa reli" ibaki kwa yule anayefanya hivyo kwa kujifurahisha. Mtafsiri asimgeuze mchuuzi kuwa mshabiki.

Maneno haya yana uhai mfupi kuliko tunavyodhani. Katika miaka ya 1930 ilijengwa njia ya tawi kutoka Manyoni kupitia Singida hadi Kinyangiri, katika nchi ya Wanyiramba. Katika miaka ya 1940 ikang'olewa. Miaka mingi ikapita kabla ya njia mpya kulazwa kutoka Manyoni hadi mjini Singida. Kizazi kizima kilichokulia kaskazini ya Manyoni katika muda huo hakikuhitaji neno hata moja kati ya tuliyoyataja.

Redio ilipokuja, Kiswahili kilikuwa na jibu zuri: simu ya upepo. Baadaye "redio koli" ikatawala midomoni, katika polisi, katika mbuga za wanyama na katika reli. Hatuna ugomvi na neno lililokwisha kukubaliwa na watumiaji, ila twasikitika kwamba la kwanza, lililosema wazi kinachotendeka, limebaki kwa wazee. Kwa yule anayekaa mahali pamoja na kuamua treni ipi ipite na ipi isubiri, mfano tunao tayari. Tukisema "mwongoza ndege" kila mtu anaelewa. Basi na tuseme "mwongoza treni". Msimamizi husimamia watu, lakini huyu huongoza vyombo asivyoviona.

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo madogo. Tarehe 24 Juni 2002, huko Igandu katika mkoa jirani wa Dodoma, treni ya abiria ilirudi nyuma kwenye mteremko na kugongana na treni ya mizigo; watu 281 walikufa. Hatusemi kwamba neno ndilo lililoua. Lakini baada ya msiba kama huo dereva, gadi, abiria na fundi hutoa maelezo kwa Kiswahili, na taarifa za kitaalamu huandikwa kwa Kiingereza, kisha hutafsiriwa tena kwa wananchi. Tumekwisha kuona katika tafsiri za habari za ajali za nchi za nje treni ya namna hiyo ikiitwa "treni iliyotoroka", kana kwamba ni mfungwa. Treni haitoroki. Ikishindwa kushikwa na breki mlimani huserereka, na neno kuserereka lamweleza msikilizaji mara moja kwamba hakuna aliyeikusudia safari hiyo. Vilevile "kusimama" na "kusimamishwa" si jambo moja mbele ya tume ya uchunguzi, wala "breki zilishindwa" si sawa na "breki hazikufungwa".

Turudi kwa chombo cha wapenzi wa reli. Marekani, madereva na waongoza treni wamezoea kusemezana kwa masafa ya karibu megahezi 160, bila kuficha maneno yao, na redio ya msikilizaji hupita mkondo mmoja baada ya mwingine, ikisita pale penye sauti. Wengine wameiunganisha redio na kompyuta inayosoma ishara za mitambo, hata ramani ya njia ikachorwa sebuleni. Tafsiri za programu za simu zimezoea "kuchanganua" kwa tendo la kusoma picha au msimbo. Hapa halifai, maana redio hii haichanganui chochote. "Redio doria" ingependeza, kwani sungusungu hupita hivyo hivyo nyumba kwa nyumba, lakini msomaji atadhani ni redio ya askari. Sisi twapendekeza "redio pekuzi". Tunajua kwamba mpekuzi hasifiwi mtaani. Hata hivyo aibu hiyo kidogo si mbaya kuibakiza: Uingereza sheria ya 2006 inakataza kusikiliza mawasiliano usiyokusudiwa, na wapenzi wa reli wa huko hutegemea zaidi takwimu ambazo mwenye njia amezifungulia umma; kwetu nako Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 hairuhusu kunasa mawasiliano ya watu bila idhini. Mfasiri anayehamisha kitabu cha mafunzo ya mchezo huu hana budi kumkumbusha msomaji hivyo.

Juu ya kompyuta hatutasema mengi. Ngamizi na tarakilishi zilipendekezwa. La pili lina wafuasi wengi Kenya, la kwanza halikuishi, pengine kwa sababu lilisikika kama chombo cha kuangamiza.

Reli mpya imetuletea kazi nyingine. Treni za umeme zilianza kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024, na njia inaendelea hadi Makutupora, Wilaya ya Manyoni (si ile Makutupora ya Dodoma yenye mizabibu, kama waandishi wengine wanavyochanganya). Mkataba wa kutoka hapo hadi Tabora, kilomita 368, ulitiwa saini mwaka 2021. Upana wake ni milimita 1,435 badala ya 1,000. Wengi huiita "reli ya viwango", na msikilizaji huelewa kwamba ya zamani haikuwa na kiwango. Kilichokusudiwa ni kipimo kilichokubaliwa na wengi, jambo ambalo sisi wa lugha tunaliita usanifu. "Reli ya upana sanifu" ingesema kweli bila kuitukana reli iliyotulisha miaka mia moja.

Katika reli hii hakuna tokeni ya kushikwa mkononi. Dereva huletewa ruhusa kwa redio, ikaandikwa kwenye kioo mbele yake, kwa kufuata mfumo wa Ulaya, na mawasiliano hayo redio pekuzi haiyafikii. Mchuuzi wa Saranda hatasikia kengele, wala treni ile haitasimama apate kuuza kuku. Ruhusa yenyewe ndiyo ile ile ya zamani: njia ni yako hadi pale. Tungependa neno moja liihusu kote, iwe kipande cha chuma au maandishi ya mwanga, na tunaelekea kwenye "ruhusa ya njia". Lakini tunasita kulipitisha kabla ya kuwasikia wenyewe. Walimu na watumishi walioko Saranda, Manyoni, Itigi na Singida wanaombwa wawaulize mastesheni masta na magadi waliostaafu walikuwa wakisemaje kwa Kiswahili, wao kwa wao, tokeni ilipokuwa imetoka na treni haijafika, kisha watuandikie neno hilo kama walivyolisikia, bila kulisanifu.