Hesabu ya Nafsi: Al-Harith al-Muhasibi na Lawama ya Imam Ahmad

Aghalabu ya watu, litajwapo jina la sufii wa kale, huwajia akilini sura ya mtu aliyelewa mahaba ya Mola wake, mwenye karama nyingi na maneno ya fumbo, mfano wa al-Hallaj aliyeuawa Baghdad mwaka 922. Na kwa sababu hiyo Abu Abdillahi al-Harith bin Asad, ambaye hakulewa wala hakuuawa, hutajwa kwa ufupi kisha akapitwa. Lakabu yake, al-Muhasibi, haina haja ya tafsiri kwa msomaji wa Kiswahili, kwani asili yake ndiyo asili ya mhasibu wetu, yule aketiye na daftari akilinganisha kilichoingia na kilichotoka, ila daftari la huyu lilikuwa nafsi yake mwenyewe. Nadai katika makala haya kwamba kosa aliloshutumiwa na wanazuoni wa zama zake, na fadhila iliyovipa umri mrefu vitabu vyake, ni jambo moja.

Alizaliwa Basra yapata mwaka 781, akahamia Baghdad, na huko akafariki mwaka 857, sawa na 243 ya Hijra. Al-Qushayri asimulia kwamba babake alipokufa aliacha dirhamu 70,000, na mwana, ilhali alikuwa mhitaji wa dirhamu moja, hakutwaa kitu, maadamu mzee alishika itikadi ya Kadaria, wasemao kwamba mja ana uwezo juu ya matendo yake, na watu wa mila mbili hawarithiani. Wengi wamekihesabu kisa hiki katika visa vya zuhudi. Mimi nakiona ni cha waraa, na haya ni mambo mawili. Zahidi huiacha mali kwa kuwa ni mali. Huyu aliiacha kwa kuwa sheria, kama alivyoifahamu yeye, haikumpa, na tukisema kweli hukumu aliyomkatia babake ilikuwa nzito mno, wala si wanazuoni wote ambao wangaliikubali. Hata tonge la chakula alilipima vivyo hivyo: al-Junayd, mwanafunzi wake, alimwona siku moja ameshikwa na njaa, akamletea chakula kilichotoka katika nyumba ya arusi, naye akalizungusha tonge kinywani, likamkataa koo, akatoka akalitema ukumbini.

Mtu wa namna hii ndiye aliyegombana na Imam Ahmad bin Hanbal. Tukumbuke wakati wenyewe: mwaka 833 Khalifa al-Ma'mun alianza kuwatahini wanazuoni wakiri kwamba Kurani imeumbwa, na Imam Ahmad, aliyekataa, alifungwa na baadaye akapigwa mijeledi. Al-Muhasibi hakuwa pamoja na Mutazila, wenye itikadi hiyo. Aliwapinga, walakini aliwapinga kwa silaha yao wenyewe, ilimu ya kalam, yaani kujadili itikadi kwa hoja za akili. Lawama ya Imam Ahmad, kama al-Ghazali, mwanazuoni wa zama za baadaye, alivyoihifadhi katika kitabu chake al-Munqidh, ilikuwa hii: wewe huanza kuieleza shubuha yao, ndipo ukaijibu, unajuaje kwamba msomaji hataishika shubuha akaliacha jibu? Baada ya hayo watu walimkimbia. Inasimuliwa kwamba waliomsalia jeneza walikuwa wanne tu. (Kiko na kisa cha Imam Ahmad kujificha katika nyumba ya mtu, akamsikiliza al-Muhasibi usiku na kulia; mwanahistoria al-Dhahabi aliiona isnadi yake ni sahihi na bado moyo wake haukukikubali, na wangu pia wasita.)

Sasa tukikifungua kitabu chake kikubwa, ar-Riaya li-Huquqi-llah, twaikuta njia ile ile iliyolaumiwa. Kimetungwa kwa masuala na majibu, na katika milango ya ria, kiburi, hasadi na ghururi, nafsi hupewa nafasi ya kuleta hoja zake zote, kwa ufasaha wake wote, kabla ya kujibiwa. Al-Ghazali, aliyefuata nyayo zake katika mlango wa ria wa kitabu chake Ihya, atoa mfano wa mtu aliyelala ugenini kwa watu wasalio usiku, naye kwake hana ada hiyo. Aamkapo pamoja nao, je, ni ibada au ni ria? Sauti moja yamwambia: usisali, utakuwa mnafiki, maana kwako husali. Nyingine yamwambia: sali, kwani kwako ulizuiwa na kitanda laini na shughuli za watu wako, na hapa kizuizi kimeondoka. Kila moja ina sura ya haki, na kila moja yaweza kuwa ni hila. Basi huulizwa: lau ungewaona watu hawa kutoka nyuma ya pazia, nao hawakuoni, je, ungalitamani kusali? Jibu la swali hili halina maana yoyote kwa mtu ambaye hakusikilizishwa kwanza sauti zote mbili hadi mwisho.

Al-Ghazali alimjibu Imam Ahmad kwa adabu: asemayo ni haki, ila kwa shubuha ambayo haijaenea, ikiisha kuenea, kuijibu ni wajibu, wala haijibiwi kabla ya kuelezwa. Yeye aliyasema hayo alipokuwa akizijibu hoja za kundi la Batini, wala hakuyapeleka kwenye Riaya. Mimi nayapeleka huko, kwani yule mgeni aliyeamka usiku alikwisha kuzisikia sauti zote mbili kabla hajafungua kitabu cho chote.