Kati ya Saa Tatu na Saa Tisa

Kila msimu wa kampeni tunasimuliwa hadithi ile ile. Mheshimiwa alizaliwa kijijini, akaenda shule bila viatu, akasoma kwa koroboi, na leo amesimama mbele yetu juu ya gari lenye vipaza sauti. Hadithi huwa kama ngazi, na kila kidato kinapanda. Hata Wangari Maathai tunamsimulia hivyo: Ihithe, Kansas, bunge, Nobel. Mimi hunasa kwenye siku moja ya mwaka 1982, siku ambayo kidato kilivunjika naye akiwa juu yake.

Lakini tuanze Ihithe, Nyeri, alikozaliwa Aprili 1940. Babake alifanya kazi katika shamba la mzungu upande wa Nakuru, na familia ikaishi huko hadi 1947, mama aliporudi nyumbani na watoto ili wavulana wapate shule. Wavulana, ndiyo. Ni kaka yake mkubwa, Nderitu, aliyeuliza mbona Wangari naye haendi. Mama akafikiria, akaona hakuna sababu ya kumzuia. Wanasiasa wetu hupenda kusema walijisukuma wenyewe. Huyu safari yake ilianza na swali la kijana mmoja ambaye angeweza kunyamaza tu.

Mama huyo huyo alimkataza kuokota kuni za mugumo uliokuwa karibu na kwao, maana ni mti wa Mungu. Karibu na mugumo palikuwa na kijito, kando yake nduma, na ndani ya maji mayai ya vyura ambayo mtoto aliyaona kama shanga. Alijaribu kuyaokota ayavae shingoni, yakawa yanamkatikia mikononi. Miaka baadaye, akiwa ametoka kusoma Marekani, alikuta mugumo umekatwa ili shamba lipandwe chai, na kijito kimekauka.

Masomo nitayapitia haraka kwa sababu kila mtu anayajua: Loreto Limuru, ndege za wanafunzi mwaka 1960, biolojia Kansas, shahada ya pili Pittsburgh, halafu uzamifu hapa Nairobi mwaka 1971, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kuupata.

Kitu ambacho watu husahau ni kwamba ile miti ilitokana na kampeni. Mwaka 1974 mumewe, Mwangi Mathai, aligombea kiti cha Lang'ata, na kama kawaida akaahidi kazi. Akashinda. Wangari akaanza kuuliza hizo kazi ziko wapi, na mheshimiwa hakuona kwa nini ajisumbue, kampeni si imekwisha? Yeye alisumbuka. Akaanzisha kampuni ndogo, Envirocare, ya kuwalipa watu wapande miti, na kitalu chake kikawa Karura. Pesa zikaisha, kampuni ikafa. Wazo halikufa. Tarehe 5 Juni 1977, chini ya Baraza la Kitaifa la Wanawake, walipanda miche saba pale Kamukunji. Yaani Green Belt, ukiitazama vizuri, ni ahadi ya mwanasiasa ambayo mke wake aliichukulia kwa uzito kuliko yeye.

Sasa 1982. Ndoa ilikuwa imekwisha kortini, kwa aibu kubwa magazetini. Kiti cha ubunge cha Nyeri kikawa wazi. KANU ndicho kilikuwa chama pekee, na mfanyakazi wa chuo kikuu aliyetaka kugombea alipaswa kujiuzulu kwanza. Akajiuzulu. Miaka kumi na sita ya kazi, kwa barua moja.

Kumbe walikuwa wanamngoja. Maafisa wa uchaguzi walisema hawezi kugombea kwa sababu hakujiandikisha upya kupiga kura mwaka 1979. Yeye alisema huo ni uongo, akaenda kortini. Kesi ilikuwa isikizwe saa tatu asubuhi, na akishinda ilibidi awe amefikisha karatasi zake Nyeri kufikia saa tisa alasiri siku hiyo hiyo. Piga hesabu ya barabara: kilomita kama 150, na jaji hana haraka. Jaji akamkatalia.

Akaomba kazi yake arudishiwe. Wakakataa. Na nyumba aliyokuwa akiishi ilikuwa ya chuo, kwa hiyo nayo akatakiwa kuhama.

Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu, kwa sababu za karo ambazo sitawachosha nazo, na najua ile hali ya kutoka getini ukiwa na mifuko, askari anakusalimia kana kwamba utarudi Jumatatu. Mamangu mpaka leo huniuliza, "Baba, hizo karatasi utaziendea lini?" Lakini mimi nilikuwa na miaka ishirini na mmoja na godoro moja. Yeye alikuwa anakaribia arobaini na mbili, daktari wa falsafa, na hana kazi.

Ndipo akaingia kwenye miti mzima mzima, kwa kuwa hakuwa na kwingine pa kwenda. Mwaka huo huo watu wa misitu kutoka Norway wakaanza kushirikiana naye. Uhuru Park ya 1989, akina mama wa wafungwa wa kisiasa mwaka 1992, Karura 1999: yote hayo aliyafanya bila kiti chochote. Mwaka 1997 alijaribu tena, urais na ubunge kwa pamoja, na siku chache kabla ya kura magazeti yakatangaza kwamba amejiondoa. Kura zake za urais hazikufika elfu tano.

Tetu walimpa asilimia 98 mnamo Desemba 2002. Ilikuwa imepita miaka ishirini tangu ile barua. Kibaki alimfanya waziri msaidizi tu, jambo ambalo bado linanikera, na mwaka 2004 alipopigiwa simu kuhusu Nobel alikuwa njiani kuelekea kwa wapiga kura wake. Desemba 2007, watu wale wale wa Tetu wakachagua mtu mwingine.

Chuo Kikuu cha Nairobi leo kina taasisi yenye jina lake, kule Upper Kabete.