Uigaji wa Ulikaji
Fundi akishika bushi ya gari iliyolegea husema imelika. Hasemi imechakaa. Shati huchakaa, na gari zima huchakaa. Lakini chuma kinachosuguana na chuma hulika, maana kuna kitu kimeondoka juu yake. Ndiyo maana siwaungi mkono wanaotafsiri neno "wear" la wahandisi kuwa uchakavu. Mhandisi haulizi kitu kimezeeka kiasi gani. Anauliza ni milimita za ujazo ngapi zimetoka, na zimetoka wapi. Istilahi inayomfaa ni ulikaji. Kazi ya kuukokotoa kwa kompyuta kabla haujatokea naiita uigaji wa ulikaji. Neno "uigizaji" tuwaachie watu wa jukwaani.

Kanuni inayotegemewa zaidi katika kazi hii ilichapishwa mwaka 1953 na Mwingereza J. F. Archard. Chukua mzigo, uzidishe kwa masafa ya kuteleza, ugawe kwa ugumu wa kile kilicho laini zaidi kati ya viwili vinavyosuguana, kisha uzidishe kwa namba moja iitwayo K: utapata ujazo wa kilicholika. Upana wa eneo linaloonekana kugusana haumo kabisa, na wengi hukwama hapo. Sababu ni kwamba nyuso mbili, hata zingepigwa msasa vipi, hukutana kwenye vilele vya vijinundu tu. Mzigo ukizidi, vijinundu vinavyogusana navyo huzidi. K yenyewe yaweza kusomwa kama uwezekano kwamba vijinundu viwili vikikutana, chembe itang'oka. Kwa chuma kikavu juu ya chuma huweza kuwa sehemu kadhaa za elfu. Tia oili nzuri, hushuka hadi sehemu za milioni.

Ulikaji umewatesa madaktari pia. Daktari wa mifupa John Charnley, katika hospitali ya Wrightington huko Uingereza, aliwawekea wagonjwa nyonga za bandia zenye kichwa cha chuma na kikombe cha Teflon. Teflon huteleza ajabu, ila hulika upesi, na katika miaka michache vikombe vilikuwa vimetobolewa vibaya, chembe zake zikichokoza nyama iliyozunguka. Mwaka 1962 alihamia polietilini, ambayo msuguano wake ni mkubwa zaidi lakini hulika kidogo sana. Kwa hiyo msuguano na ulikaji ni mambo mawili, na kamusi isiyavike kofia moja.

Kukijaribu kikombe kipya kwa mashine huchukua muda. Mizunguko milioni moja, inayohesabiwa kwa mazoea kuwa mwaka mmoja wa kutembea, kwa mwendo wa mzunguko mmoja kwa sekunde humaliza siku zaidi ya kumi na moja. Milioni tano ni takribani miezi miwili. Hapo ndipo kompyuta inapoingia, kama walivyofanya watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa waliochapisha uigaji wa kikombe cha nyonga mwaka 1996. Umbo hugawanywa katika vijipande vingi, shinikizo hukokotolewa katika kila nukta ya uso, na kina cha ulikaji hupatikana kutokana na shinikizo hilo, masafa na K. Kisha uso unasogezwa ndani kwa kina hicho, na hesabu inaanza upya, kwa kuwa umbo jipya lina shinikizo jipya.

Hakuna anayekokotoa mizunguko yote milioni. Programu hukokotoa mmoja, hudhani mingine mingi ifuatayo itafanana nao, kisha huruka. Kuruka huku kuna hatari yake. Ukiruka mbali mno, nukta yenye shinikizo kubwa huchimbwa kupita kiasi. Katika hatua inayofuata nukta hiyo haiguswi tena, na mzigo wote unaangukia jirani zake, nao wanachimbwa kwa zamu yao. Mwishowe uso unakuwa na meno kama msumeno, meno ambayo hayapo kwenye kikombe chochote cha kweli. Ukiruka karibu mno, utasubiri hadi uchoke.

Lakini tatizo kubwa ni K. Kompyuta haiijui; hupewa kutoka maabara. Polietilini ikisuguliwa mbele na nyuma kwenye mstari mmoja hulika kidogo mno, kwa sababu molekuli zake hujipanga kufuata mwendo na kuwa imara upande huo. Nyonga haiendi hivyo. Mtu akitembea, njia za nukta moja na nyingine hukatizana, na molekuli zilizojipanga upande mmoja hukatwa kutoka upande wa pili. K iliyopimwa kwa mstari mnyoofu, ikiingizwa kwenye uigaji wa nyonga, hutoa picha nzuri yenye rangi zote na jibu la uongo. Ndiyo sababu vielelezo vya baadaye hupima katika kila nukta njia zinakatizana kiasi gani, na kuipa nukta hiyo K yake. Kukatizana huko nimeanza kukuita msuguano kingamo, kutokana na kukingama. "Msuguano mtambuka" nimeuona mzuri pia, ila neno mtambuka siku hizi limeshachukuliwa na watu wa semina.