Ukuta wa Terabaiti 2.2: Historia ya Kupandisha Diski katika Hifadhi za Data za Nyumbani

Kisanduku cha kuhifadhia data nyumbani, yaani kompyuta ndogo isiyo na kioo wala kibodi inayobeba diski kuu na kuvifikishia vyombo vingine faili zake kupitia mtandao wa nyumba, kilianza kuenea madukani mwanzoni mwa miaka ya 2000, lakini matatizo yanayompata mwenye kukitia diski kubwa zaidi yana umri mrefu kuliko chenyewe. Mengi yalizaliwa pale wahandisi walipoamua ni biti ngapi zitengwe kwa kuhesabia sekta, ambazo ni vipande vya diski vilivyokuwa na baiti 512 kila kimoja, katika zama ambazo kumbukumbu ilikuwa ghali kiasi kwamba kila biti iliyookolewa ilihesabiwa kuwa ushindi.

Mpaka wa kwanza uliosumbua wengi, ule wa megabaiti 528 katika miaka ya 1990, haukuwa kosa la upande mmoja. Programu ya kuwashia kompyuta iliweza kuhesabu silinda 1,024 tu, kanuni za diski zikaruhusu vichwa vya kusomea 16 tu, na kwa kuwa kila upande ulilazimika kukubali ufinyu wa mwenzake, nafasi iliyobaki ikawa ndogo kuliko ambavyo upande wowote ungeiweka peke yake. Baadaye anwani za sekta za biti 28 zilikwama kwenye gigabaiti 137, mpaka kanuni za diski za ATA-6 za mwaka 2002 zilipoleta anwani za biti 48.

Ukuta uliovigusa hasa visanduku vya nyumbani ulikuwa wa terabaiti 2.2. Jedwali la vigawanyo, yaani orodha iliyoandikwa mwanzoni mwa diski kueleza kila sehemu inaanzia wapi na ina ukubwa gani, lilikuja na PC DOS 2.0 mwaka 1983, wakati diski ya kompyuta ya IBM PC XT ilikuwa na megabaiti 10, na biti zake 32 za kuhesabia sekta zilionekana kuwa anasa. Diski za terabaiti 3 zilipoingia sokoni mwaka 2010, baadhi ya vifaa vilihesabu mpaka vikafika kikomo, vikaanza tena sifuri, na kutangaza kwamba diski mpya ina takriban gigabaiti 800 tu. Haishangazi kwamba mnunuzi aliishuku diski, ilhali mwenye hatia alikuwa msomaji wake. Dawa ilikuwepo, nayo ni jedwali jipya liitwalo GPT, ila ilitegemea kama mtengenezaji bado alikuwa akitoa masasisho ya kifaa chake, jambo ambalo mara nyingi lilikuwa limekoma.

Tatizo jingine lilitokana na RAID, mpango ulioelezwa mwaka 1988 na David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, wa kuunganisha diski kadhaa ili moja ikifa nyingine ziokoe data. Katika visanduku vingi vinavyotumia mpango huo diski hupandishwa moja baada ya nyingine: ndogo huchomolewa, kubwa huchomekwa, kisha kifaa huijaza upya kwa kuzisoma nzima diski nyingine, na huo ndio wakati wa hatari kuliko wote, kwani diski zilizochakaa hufanyizwa kazi kubwa pasipo akiba. Mwezi Aprili 2020 Western Digital ilikiri kwamba baadhi ya diski zake za WD Red, zilizouzwa mahsusi kwa visanduku hivi, zilipanga njia za data zikilaliana kama makuti ya paa, hivyo kuandika upya njia moja kulilazimu kuandika upya na jirani zake. Ujazaji ulipungua mwendo, na baadhi ya mifumo ikaitupa nje diski nzima kana kwamba imekufa.

Kisa cha pini ya tatu ya kiunganishi cha umeme cha diski ni kidogo zaidi, lakini huenda ndicho kinachopotosha kuliko vyote. Kanuni za SATA 3.3 za mwaka 2016, zinazoongoza jinsi diski inavyounganishwa na kifaa, ziliigeuza pini hiyo, iliyokuwa ikibeba volti 3.3, kuwa swichi ya kuizima diski kutoka mbali. Kwa hiyo diski mpya ikichomekwa kwenye kifaa cha zamani kinachoendelea kupeleka umeme hapo, hutii amri isiyokusudiwa na haizunguki kabisa. Mafundi huifunika pini hiyo kwa kipande chembamba cha utepe usiopitisha umeme, na diski iliyodhaniwa mbovu huanza kuzunguka.