Nyuzinyuzi au Makapimlo?

Maandishi ya lishe nchini Tanzania hutumia majina mawili kwa kitu kimoja: makapimlo na nyuzinyuzi. Ni ile sehemu ya mimea tunayoila ambayo vimeng'enya vya utumbo mwembamba haviiwezi.

Makapimlo si jina la ovyo. Mwaka 1972 Hugh Trowell, tabibu aliyefanya kazi Uganda miaka mingi, aliieleza dhana hii kuwa mabaki ya seli za mimea yasiyomeng'enywa na binadamu. Mabaki na makapi ni ndugu. Lakini makapi hupepetwa yakatupwa, na ndivyo tunavyoyafanyia mahindi tunapoyakoboa tupate sembe nyeupe.

Kwa mwenye ini lililojaa mafuta, jina hilo linapotosha. Takriban robo tatu ya damu inayoingia kwenye ini hutoka moja kwa moja kwenye utumbo na viungo jirani. Kila kinachopenya ukuta wa utumbo kikaingia katika damu hiyo, ini ndilo hukipokea kwanza. Sasa, nyuzinyuzi zikifika utumbo mpana, bakteria waishio humo huzichachusha na kutoa asidi mafuta zenye mnyororo mfupi (jina lisikutishe, si mafuta ya kukaangia). Mojawapo, butireti, ndiyo chakula kikuu cha seli za ukuta wenyewe. Ukuta ukidhoofika, sumu za bakteria hupenya hadi kwenye ini na kuchochea uvimbe. Kinachoitwa makapi, kumbe ni mlo wa wengine!

Nyuzinyuzi pia hushibisha, na shibe husaidia kupunguza uzito. Hapo ndipo penye tiba yenyewe: kupunguza asilimia 7 hadi 10 ya uzito hupunguza mafuta na uvimbe wa ini. Asidhani mtu kwamba bakuli la mboga litafuta soda tatu.

Hata neno nyuzinyuzi lina kasoro, kwa kuwa humfanya mtu awazie nyuzi za embe zinazonasa menoni. Ute wa bamia na mlenda nao umo, ingawa huoni uzi wowote. Bado nalichagua hilo, maana angalau halimwambii mtu atupe.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku kwa mtu mzima. Gramu 100 za maharage yaliyopikwa hukupa kama 6. Ukianza kula dona na kunde, ongeza kidogokidogo na unywe maji ya kutosha, la sivyo tumbo litajaa gesi.