Taa ya Nixie na Umeme Wake

Reli ya TAZARA, ambayo stesheni yake mojawapo ni Mzenga katika wilaya ya Kisarawe, ilijengwa baina ya mwaka 1970 na 1975. Katika miaka hiyohiyo taa iitwayo Nixie, iliyokuwa ikionyesha tarakimu katika mashine za hesabu na vipimo vya maabara, ilikuwa ikiondolewa mahali pake na diodi za nuru. Kampuni ya Burroughs ya Marekani ndiyo iliyoitoa, mwaka 1955. Ijapokuwa ilifanana na valvu za redio, tabia yake ilikuwa mbali nazo. Valvu hutaka uzi wake upate moto kwanza; Nixie haina uzi wa moto. Ndani ya kioo mna gesi ya neoni, wavu mwembamba, na vipande vya metali vya umbo la tarakimu, 0 mpaka 9, vimepangwa kimoja nyuma ya kingine. Kipande kipatacho umeme hasi huzungukwa na nuru ya rangi ya chungwa.

Mtu wa Mzenga aipataye taa hiyo katika mashine kuukuu, akaijaribu kwa betri ya tochi, ataiona imekufa. Hukumu hiyo ni dhuluma. Aghalabu neoni haiamki mpaka ipate volti 170 hivi. Walakini ikiisha kuamka hutosheka na 140. Hapo ndipo penye mtego: ziada isipozuiliwa, mkondo hukua mpaka taa iharibike. Basi kwa umeme wa volti 180, kikinza hutiwa upande chanya, kwenye wavu, kibebe zile 40 zilizobaki. Mkondo ukiwa miliampia 2, ukinzani wake ni ohm 20,000. Kisha kila tarakimu hujaribiwa peke yake. Iwakayo nusu huenda imefunikwa na chembe za metali zilizoruka kutoka kwa jirani zake, na kuwashwa peke yake kwa saa nyingi huweza kuisafisha.

Umeme huo usichukuliwe ukutani. Volti 230 za nyumbani, zikigeuzwa kuwa mkondo mnyoofu na kutulizwa, hufikia 325 hivi, wala hapana kimtengacho mtu na nguzo za barabarani. Betri ya volti 12 na kipandisha volti ni afadhali. Lakini volti 180 nazo zaweza kuua, na kapasita huzihifadhi hata swichi ikiisha kuzimwa. Mita na isome sifuri kwanza, ndipo mkono uguse.