Jinsi seli za jua za kioganiki zinavyozalisha umeme

Seli za jua za kioganiki hutengenezwa kwa misombo ya kaboni badala ya silikoni. Ni nyepesi, hupindika bila kuvunjika, na zinaweza kuchapwa kwa mashine mithili ya gazeti. Hata hivyo, namna zinavyogeuza mwanga kuwa umeme imewashughulisha wanasayansi kwa miongo kadhaa.

Ndani ya silikoni, mwanga hung'oa elektroni, nayo huenda zake kwa urahisi. Katika maada ya kioganiki, elektroni hubaki imeshikamana na nafasi iliyoiacha wazi, iitwayo tundu. Jozi hiyo hujulikana kama eksitoni. Kifungo chake huzidi nishati ya joto la kawaida la chumba kwa zaidi ya mara kumi, nayo kwa kawaida husafiri takriban nanomita 10 tu kabla ya kutoweka.

Mwaka 1986, Ching Tang wa kampuni ya Kodak nchini Marekani alichapisha matokeo ya seli yenye tabaka mbili: moja ikitoa elektroni, nyingine ikizipokea. Eksitoni ilivunjika mpakani mwa tabaka hizo, na ufanisi ukafikia takriban asilimia 1. Mwaka 1995, kundi la Alan Heeger huko California lilichanganya maada hizo mbili pamoja, ili mpaka uwe karibu kila mahali.

Lakini elektroni ikishavuka mpaka, bado huvutwa na tundu lake. Je, itaponyoka au itarejea? Lars Onsager alikokotoa uwezekano huo mwaka 1938, na mwaka 1984 Charles Braun akazingatia pia muda ambao jozi huishi.

Mwaka 2005, watafiti wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, waliiga kwa kompyuta mwendo wa kila chaji. Walionyesha kwamba mchanganyiko laini mno huvunja eksitoni nyingi, ila chaji hukutana tena na kupotea. Ulio mkubwa mno huziacha eksitoni zife njiani. Ufanisi bora hupatikana katikati.

Mwaka 2019, watafiti wa China walitangaza molekuli ya Y6, iliyovusha ufanisi zaidi ya asilimia 15, ingawa msukumo wa nishati unaotenganisha chaji zake ni mdogo. Kuueleza utengano huo kikamilifu ndiko kutakakowaongoza wanakemia kuchagua molekuli zinazofaa kabla ya kuzitengeneza maabara.